Dexa si bukari: wauzaji waache tumbo la mama

KAMINA, Haut-Lomami – Kidonge chenyewe ni kidogo kuliko punje ya hindi. Kinakatwa na mkasi kutoka kwenye plaketi, kinafungwa ndani ya kipande cha karatasi ya daftari, kisha mama anapewa pamoja na chenji yake. Hakuna anayemuuliza kama ana mimba. Hakuna anayemuuliza mimba ina miezi mingapi. Anaambiwa neno moja tu: «Mama, kunywa hii, utanona, hata bukari utaipenda.» Hospitalini kidonge hicho kinaitwa deksametazoni. Sokoni kinaitwa dexa.

Biashara hii haikuzaliwa Kamina. Kinshasa wanaijua, Lubumbashi wanaijua, na Kamina ni njia panda ya reli: kinachopakiwa Lubumbashi kinashuka hapa, na kingine kinaendelea Kasai au upande wa Kabalo na Kalemie. Pembeni ya dexa kuna ndugu zake, tyubu za krimu za kung'arisha ngozi, zile ambazo vijana wanaziita «maquillage». Nyingi kati ya hizo zina klobetasoli au betametazoni ndani. Dexa ni ya kumeza, krimu ni ya kupaka, lakini ni ukoo mmoja: steroidi, homoni zilizotengenezwa kiwandani kwa kuiga zile ambazo mwili wa mtu unazitengeneza wenyewe.

Mtu mzima asiye na mimba akijimezea dexa ili apendeze kwenye harusi, ni ujinga wake na hatari yake. Mama mwenye mimba ni jambo lingine kabisa. Anayemuuzia bila kuuliza anamuuzia watu wawili, na mmoja wao hajaombwa ruhusa.

Kabla ya kuwashika wauzaji, kuna watu wengine wa kujibiwa, wale wanaosema homoni zote ni sumu ya kigeni, mama akae mbali nazo. Hao nao wanapotosha. Bila homoni za steroidi hakuna mimba hata moja inayofika mwisho. Mwili wa mama unazipika usiku na mchana, na jiko kubwa kuliko yote ni kondo la nyuma, lile ambalo wauguzi wanaliita plasenta.

Watu wengi wanalifikiria kondo kama mfuko tu, kitu kinachotoka baada ya mtoto na kwenda kuzikwa. Kwa kweli ni kiungo kamili, chenye uzito wa karibu gramu 500 wakati wa kuzaa, kinachofanya kazi ya mapafu, figo, tumbo na kiwanda kwa wakati mmoja. Majuma ya mwanzo mimba inashikiliwa na projesteroni inayotoka kwenye ovari ya mama, mahali pale yai lilipopasukia. Karibu juma la 8 mpaka la 10, kondo linachukua kazi hiyo. Linatoa mafuta ya kolesteroli kwenye damu ya mama na kuyageuza kuwa projesteroni, ile homoni inayotuliza tumbo la uzazi lisianze kubana kabla ya siku zake.

Kwa homoni nyingine, estrojeni, kondo haliwezi kazi peke yake. Linakosa kifaa kimoja cha kuitengeneza tangu mwanzo. Hivyo mtoto mwenyewe, akiwa bado tumboni, anatoa malighafi kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo zake na kuipitisha kwenye ini lake, kisha kondo linaimaliza. Mama analeta mafuta, mtoto analeta malighafi, kondo linapika. Ni mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, sufuria inamwagika. Ndiyo maana zamani madaktari walikuwa wakipima homoni hiyo kwenye mkojo wa mama ili wajue kama mtoto anaendelea vizuri.

Homoni ya tatu ndiyo inayoleta kesi hii yote: kotisoli. Mwili unaitoa mtu anapokuwa na hofu, njaa, ugonjwa au uchovu. Kwa mama mwenye mimba inapanda, na mwishoni mwa mimba inaweza kufika mara mbili au tatu ya kawaida. Mama anaihitaji. Mtoto pia anaihitaji, lakini kidogo sana, na mwishoni. Ikiingia nyingi mapema inamwambia mtoto: acha kukua, anza kukomaa. Kwa hiyo kondo limewekewa mlinzi wa mlango. Ni kimeng'enya kinachoikamata kotisoli ya mama na kuigeuza kuwa kotisoni isiyo na nguvu kabla haijamfikia mtoto. Sehemu kubwa ya kotisoli inaishia pale mlangoni. Mama anaweza kukimbia vita, kulala porini, kukosa chakula siku mbili, na mlinzi huyo bado anajaribu kumkinga mtoto na dhoruba iliyo ndani ya damu ya mama yake.

Dexa inampita mlinzi huyo.

Hilo ndilo wauzaji hawalijui, au wanalijua na wananyamaza. Kuna dawa nyingine ya ukoo huo, prednisoloni, ambayo daktari anaweza kumpa mama mwenye pumu hata akiwa na mimba, kwa sababu kondo linaivunja nyingi na kwa mtoto inafika kama sehemu moja tu kwa kumi. Deksametazoni na betametazoni zimetengenezwa kwa namna ambayo mlinzi hawezi kuzikamata vizuri. Zinapita mlangoni karibu nzima nzima na kuingia kwenye damu ya mtoto.

Kupita huko ndiko kulikozifanya kuwa dawa kubwa. Mwaka 1969 daktari mmoja wa New Zealand, Graham Liggins, akichunguza kondoo, aliona wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kupewa steroidi walikuwa wanapumua, ilhali walitarajiwa kufa. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie walitoa matokeo ya jaribio lao kwa wamama 282: watoto waliozaliwa mapema, ambao mama zao walipigwa sindano ya betametazoni, walipata shida ndogo zaidi ya mapafu, na wachache zaidi walikufa. Sindano hiyo inakomaza mapafu ya mtoto kwa haraka. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa mama anayekaribia kuzaa kati ya juma la 24 na la 34: deksametazoni miligramu 6 kwenye msuli, kila saa 12, mara nne. Jumla miligramu 24, ndani ya siku mbili, basi. Si dawa ya matajiri. Ni kati ya dawa za bei ndogo kabisa kwenye orodha ya dawa za lazima.

Hapo ndipo wauzaji wanaposhikia. «Hata hospitali inawapa wamama wenye mimba dexa, sasa shida iko wapi?» Ni swali linalostahili jibu refu, kwa sababu jibu lake lilipatikana kwa uchungu, tena karibu na hapa.

Utafiti mmoja mkubwa, uliotolewa mwishoni mwa 2014 na kuchapwa 2015, ulifanyika katika nchi sita, zikiwemo Kenya na jirani wa mpakani, Zambia. Nia ilikuwa njema: kuipeleka sindano ya steroidi mpaka kwenye vituo vidogo vya vijijini, ili kila mama anayeonekana atazaa mapema aipate. Ilihusu karibu wanawake 100,000. Wengi walifikiri vifo vya watoto vitashuka. Kwa watoto wadogo sana havikushuka. Na ukihesabu watoto wote, katika maeneo yaliyopelekewa mpango huo walikufa 27 na zaidi kwa kila 1000 waliozaliwa hai ndani ya siku 28, ilhali katika maeneo mengine walikufa karibu 24. Wamama waliodhaniwa kupata maambukizi nao waliongezeka. Wengi wa waliopigwa sindano hawakuzaa mapema kabisa: tarehe zilikosewa, watoto walizaliwa siku zao, wakiwa wamebeba dawa ambayo hawakuihitaji.

Baadaye, mwaka 2020, ukatoka utafiti mwingine wa Shirika la Afya Duniani, wa hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, wenye wanawake 2852. Huko umri wa mimba ulipimwa kwa ekografia, na wauguzi wenye vifaa vya kumhudumia mtoto njiti walikuwepo. Dawa ilikuwa ile ile, deksametazoni. Kati ya watoto wa wamama waliopewa dawa, 19.6 kwa mia walikufa. Kati ya wale ambao mama zao walipewa maji tu, 23.5 kwa mia. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilionekana wazi.

Hayo ndiyo majibu kwa muuzaji. Dawa moja, kipimo kinachojulikana, mikono ya wauguzi. Na bado palipokosekana tarehe sahihi na huduma ya mtoto, ilileta madhara. Sasa yeye mwenye meza sokoni, asiye na ekografia, asiye na kipimo cha presha, asiyejua kama mteja wake ana miezi miwili au saba, anatoa vidonge vya mwezi mzima. Hospitali inatoa kwa siku mbili na inasimama. Sokoni mama anaambiwa aendelee mpaka nguo zimbane.

Na kuendelea kuna gharama iliyopimwa. Mwaka 2008 yalichapwa matokeo ya utafiti wa nchi 20 juu ya wamama waliorudishiwa sindano hizo kila siku 14 badala ya mara moja. Watoto wao hawakupona zaidi ya wengine. Walizaliwa na uzito mdogo zaidi, wafupi zaidi, na kichwa kidogo zaidi. Hiyo ilikuwa ndani ya hospitali, chini ya macho ya madaktari, na waliacha kuipendekeza. Mwenye meza haachi, kwa sababu hakuna anayempimia mtoto kichwa mbele yake.

Kwa mama mwenyewe dexa inapandisha sukari, inapandisha presha, inalegeza mifupa na kupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu. Haut-Lomami ni nchi ya malaria. Kwa mwenye mimba vimelea vya malaria vinapenda kujificha ndani ya kondo lenyewe. Chembe za damu zenye ugonjwa zinanata mle ndani, na mtoto anakosa chakula na hewa, hata kama mama hana homa kali. Kwa hiyo kuna chandarua, na kuna vile vidonge vya fansidari vinavyotolewa CPN kila mwezi kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu. Mama anamezeshwa dawa ya kulinda kondo asubuhi kituoni, na jioni anarudi sokoni kununua kidonge kinachoshusha ulinzi wa mwili mzima.

Halafu kuna suala la kunona. Watu wanasema: «Tazama uso wake, umekuwa mviringo, mimba imempenda.» Uso wa mviringo wa dexa si nyama ya chakula. Ni maji na mafuta yaliyohamishwa. Mikono na miguu inaweza kuwa inakonda wakati mashavu yanajaa. Na uso uliovimba, miguu iliyovimba, presha iliyopanda, ndizo dalili zile zile ambazo muuguzi wa CPN anazitafuta ili amshike mama kabla ya kifafa cha mimba. Mama anayevimba kwa dexa anawachanganya wanaomwangalia. Anayevimba kwa ugonjwa anasifiwa kuwa amenona. Mama mkwe anafurahi. Mume anafurahi. Presha haimsikilizi yeyote kati yao.

Krimu nazo zisidhaniwe kuwa zinaishia kwenye ngozi. Mwaka 2007 kikundi cha madaktari wa Dakar, Senegal, kilichapa matokeo ya kuwachunguza wamama 99 wenye mimba. Wamama 68 kati yao walikuwa wakijing'arisha ngozi wakati wa mimba, na 28 walitumia steroidi zenye nguvu kubwa. Waliotumia hizo steroidi, walipolinganishwa na wasiotumia, walionekana na kotisoli ya chini kwenye damu, maana mwili wao ulikuwa umeanza kuacha kutengeneza yake. Kondo zao zilikuwa ndogo zaidi. Na kati yao watoto wenye uzito mdogo walikuwa wengi zaidi. Ni wamama wachache, ni kweli, na utafiti mdogo peke yake haumalizi kesi. Lakini hakuna muuzaji aliyewahi kuonyesha hata mmoja unaosema krimu hiyo ni salama kupakwa mwili mzima miezi tisa.

Inauma zaidi ukijua kwa nini wengi wanazinunua wakati wa mimba hasa. Homoni za mimba zenyewe zinatia giza ngozi: mashavuni, kwenye paji la uso, mstari unaoshuka tumboni. Ni kawaida, na kwa wengi inapungua baada ya kuzaa. Mama anajitazama kwenye kioo, anaona madoa, anasikia maneno ya majirani, na mwenye tyubu yuko tayari na jibu. Anauziwa homoni ya kufuta kazi ya homoni nyingine, juu ya ngozi iliyonyooshwa na inayopitisha dawa kirahisi. Rwanda ilianza msako wa krimu za namna hiyo mwaka 2018, maduka yakaingiliwa na bidhaa zikakamatwa. Côte d'Ivoire iliandika katazo lake mwaka 2015. Hapa tyubu inaning'inia mbele ya duka, mchana kweupe.

Wauzaji wadogo si wabaya peke yao. Kijana mwenye meza amenunua kutoka depo, na depo imenunua kutoka kwa mwenye gari. Sheria ipo. Sheria namba 18/035 ya 13 Desemba 2018 juu ya afya ya umma haikuandikwa ili dawa za namna hii ziuzwe pembeni ya chumvi na sabuni. Ukaguzi unapofanyika, mara nyingi anayekimbia na beseni lake ni yule wa chini, na yule mwenye makatoni hafunguliwi mlango. Kesho yake beseni limejaa tena. Mkaguzi anayetaka kulinda wamama aanze na makatoni, aulize faktura, aulize ni mfamasia gani ameweka saini.

Kuna aibu nyingine, na hii inawahusu wakubwa zaidi kuliko wenye meza. Dexa ya vidonge haikosekani sokoni siku yoyote, hata ya Noeli. Je, ampuli za dexa ziko tayari usiku wa manane katika kila maternite ya mkoa inayopokea mama mwenye uchungu wa miezi saba? Na zikiwepo, kuna kipimo cha joto cha kumchunguza mama asiwe na maambukizi, kuna mtu aliyefundishwa kumfufua mtoto asiyelia, kuna blanketi? Serikali ilizindua huduma ya kuzaa bure Kinshasa Septemba 2023 na kusema itasambaa mikoani. Wamama wa Haut-Lomami wana haki ya kuuliza ampuli hizo zimo ndani ya «bure» hiyo au hazimo. Njiti akishazaliwa, hata pasipo na umeme, kuna njia ya kumfunga kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi mchana na usiku, ambayo imeokoa watoto wengi Tanzania na Malawi. Inahitaji kitambaa, nafasi ya kulala na muuguzi asiyemfukuza mama. Hilo nalo ni la kudaiwa.

Familia zilizohama zina mzigo wao katika habari hii. Wako waliotoka upande wa Malemba-Nkulu na Mitwaba, wako waliokimbia Kasai mwaka 2017 na hawakurudi, wako waliohamishwa na maji. Mtu aliyekonda njiani anataka aonekane amekula. Hakuna wa kumcheka kwa hilo. Anayemuuzia dexa badala ya kumwonyesha wapi pa kupata maharage, samaki wakavu na karanga, huyo ndiye wa kusemwa. Dexa si bukari. Inaongeza hamu ya kula kwa mtu asiye na cha kula, inapandisha sukari ya damu kwa kubomoa misuli yake mwenyewe, na ikikatika anabaki dhaifu kuliko alivyoanza.

Mama aliyehama anapoteza pia kitu ambacho hakionekani kama mali: tarehe. Fishi ya CPN imebaki kwenye nyumba iliyoungua au imelowa mtoni. Anafika kituo kipya, anaulizwa mimba ina miezi mingapi, anajibu kwa kukisia. Utafiti ule wa Zambia na wenzake unaonyesha hatari ya kukisia. Tarehe ya siku ya kwanza ya damu ya mwisho, ikiandikwa popote, nyuma ya karte ya uchaguzi, kwenye simu ya mume, ndani ya jalada la Biblia, ndiyo itakayomwezesha muuguzi kuamua usiku mmoja kama sindano itamwokoa mtoto au la. Wasiojua tarehe wakumbuke tukio: kabla au baada ya Pasaka, wakati wa kuvuna mahindi, juma lile la kukimbia. Na CPN ya kwanza ifanywe mapema, miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu ekografia ya mapema inasoma umri wa mimba vizuri zaidi kuliko ya mwishoni. Kituo kinachomrudisha mama aliyehama kwa sababu hana fishi ya zamani kinafanya kosa sawa na la mwenye meza: hakiulizi.

Wanaume wanaosikiliza nao wamo. Mtoto akizaliwa mdogo, lawama inaanza kuzunguka uwanjani: jirani ana jicho baya, mke mwenza ameroga, mama huyu familia yao ni hivyo. Hakuna anayefungua kibegi cha mama na kutazama plaketi na tyubu, ambazo pengine mume mwenyewe ndiye aliyetoa pesa zake. Muuguzi akiuliza «amemeza nini, amepaka nini?», ajibiwe kweli, bila mama kupigiwa kelele mbele ya watu. Wauguzi pia wana sehemu yao hapa. Mama akitukanwa mara moja kwa sababu ya krimu, mara ya pili ataficha, na kitakachofichwa ndicho kitakachomletea hatari mezani pa kuzalia.

Kwa mama ambaye tayari amekuwa akimeza dexa au kujipaka kwa miezi, habari hii isimfanye aitupe chooni usiku huu. Mwili uliozoeshwa steroidi ya nje unaacha kutengeneza kotisoli yake, na ukikatiwa ghafla unaweza kuanguka: kutapika, udhaifu mkubwa, presha kushuka, mpaka kifo, hasa wakati wa kazi ngumu kama ya kuzaa au wakati wa homa kali. Aende kituo cha afya au hospitali kuu, achukue plaketi na tyubu zenyewe mkononi, aseme ameanza lini na anameza ngapi kwa siku. Watampunguzia hatua kwa hatua, watampima presha na sukari, na wataandika kwenye fishi yake ili mkunga atakayemzalisha ajue. Na yule ambaye daktari alimwandikia prednisoloni kwa pumu au ugonjwa mwingine, asiiache kwa sababu ya maneno ya redioni au ya jirani. Arudi kwa daktari aliyemwandikia, amwambie ana mimba, na ya miezi mingapi.